Kakungulu: Jemadari aliyeanzisha Mbale, kisha akaikataa sindano

UKISIMAMA Malaba asubuhi kabla vumbi la malori halijatanda, utauona Mwamba wa Tororo umejiinua peke yake upande wa Uganda. Sisi wafanyabiashara wa mpakani hatuhitaji ramani, mwamba huo unatutosha. Ukiupita na kuendelea kaskazini, barabara itakufikisha Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, ambako wengi wetu tumewahi kufuata maharagwe na ndizi.

Nimeipita barabara hiyo kwa miaka mingi bila kujiuliza ni nani aliyeuanzisha mji ule. Nilipokuja kumjua, nilimjua kwa njia ya aibu yangu mwenyewe. Anaitwa Semei Kakungulu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, lakini nikisimulia maisha yake msomaji ataona kwamba ugomvi aliouacha bado unaishi nasi hapa Busia.

Nianze na hiyo aibu.

Machi 2020 nilikuwa Kampala nikiuza viatu vya mitumba. Amri ya kufunga biashara ilipotoka, nilifunga duka nikidhani ni wiki mbili. Miezi ikapita. Kodi ya duka ilidaiwa, viatu vikaota ukungu ndani, na hakuna aliyekuja kuniuliza ninakula nini. Nilirudi kwetu Busia na begi moja, kama walivyorudi maelfu ya wenzangu.

Chanjo ilipofika mwaka 2021, nilikataa. Sikuwa na sababu ya dini wala ya sayansi. Nilikuwa na kinyongo. Niliona mikono ileile iliyonifungia duka sasa inautaka mkono wangu. Lakini nilihitaji kuvuka mpaka, kwa hiyo nikanunua cheti cha bandia kwa kijana aliyekuwa akiviuza kichinichini, nikakitia mfukoni na kujiona mjanja.

Kisha vizuizi vikaondolewa. Januari 2022 Uganda ilifungua shule zake baada ya takriban miaka miwili, na Machi mwaka huohuo Kenya ikaacha kulazimisha barakoa. Sokoni tulishangilia. Aliyebaki na barakoa yake usoni alikuwa mama mmoja wa upande wa Tororo, aliyeuza mchele kando ya kibanda changu. Mimi nikawa mcheshi wa soko. Nilimwita daktari, nikawaambia wateja wasimkaribie kwa kuwa huenda anaficha kitu. Watu walicheka, na baadhi ya wateja wake wakahama.

Miezi ilipita kabla sijajua kwamba mama yule alikuwa na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao mafua tu yanaweza kumlaza mtoto hospitalini. Barakoa ile haikuhusu serikali. Ilimhusu mtoto aliyekuwa akimsubiri nyumbani jioni.

Nilimwomba radhi. Alinisamehe bila maneno mengi, jambo lililoniuma zaidi. Wiki hiyohiyo, nikiwa ndani ya gari la abiria kuelekea Mbale, niliwasikia wazee wawili wakibishana juu ya mtu wa zamani aliyekuwa jemadari mkubwa na akakataa hata ng'ombe wake wasichanjwe. Nikatega sikio. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasaka maisha ya mtu huyo.

Kijana kutoka Kooki

Kakungulu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 huko Kooki, ufalme mdogo ambao wakati huo ulikuwa nje ya Buganda. Alifika katika ufalme wa Buganda akiwa kijana, akapata sifa ya kuwinda ndovu na kutumia bunduki. Enzi hizo, aliyejua bunduki hakukosa kazi.

Alibatizwa akawa Mprotestanti, wakati ambapo kuchagua dini kulikuwa sawa na kuchagua jeshi. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa. Buganda ikaingia katika vita vya Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti. Wakristo walikimbilia Ankole, na waliporudi kumrejesha Mwanga kitini, Kakungulu alikuwa miongoni mwa majemadari wao hodari.

Zawadi zilifuata. Alipewa vyeo vikubwa, akamwoa binti mfalme Nawati, dada yake Mwanga. Lakini palikuwa na jogoo wawili katika boma moja. Katikiro, yaani waziri mkuu, alikuwa Apolo Kagwa, Mprotestanti mwenzake, mwenye akili ya siasa na mkono mrefu. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Kakungulu ndiye aliyeondoka Mengo. Akaelekea mashariki, akaiteka Bugerere na kuwa mtawala huko.

Kwa Waingereza, mtu kama huyo alikuwa lulu. Alikuwa na jeshi lake, hakuogopa vita, na alikuwa na njaa ya nchi ya kutawala. Aprili 1899, akiwa pamoja na afisa Mwingereza John Evatt, aliwakamata Mwanga na Mfalme Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango. Ajabu ya historia ni hiyo: mtu aliyempigania Mwanga arudishiwe ufalme, na kumwoa dada yake, ndiye aliyemkabidhi kwa wageni. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli.

Kabla mpaka haujakuwapo

Baada ya ushindi huo, Kakungulu aliingia nchi ambazo Waganda waliziita Bukedi, yaani mashariki ya leo ya Uganda. Alijenga ngome, makao yake makuu yakiwa Budaka. Kutoka huko, nguvu zake na za mawakala wa Kiganda waliofuata nyayo zake zilienea kwa Wagwere, Wagisu, Wateso na hadi upande wa Tororo kwa Wajopadhola.

Tusimpambe. Utawala huo uliingia kwa bunduki na kwa kuchukua ng'ombe za watu. Lugha ya Kiganda ikawa lugha ya kuamrishwa. Msomaji wa Tororo akikuambia kwamba babu zake hawakumpenda Kakungulu, usimbishie.

Hata hivyo, kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Himaya ya Uganda ilifika hadi karibu na Naivasha. Aprili 1902 ndipo Waingereza walipoukata mkoa wake wa mashariki na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Watu wa ukoo mmoja wakaamka wakiwa raia wa serikali mbili, wala hawakuwa wamehama. Mpaka ambao leo unatulisha na kututesa ulichorwa na makarani.

Kalamu hizohizo zilimchoma Kakungulu pia. Aliamini kwamba Kamishna Harry Johnston alikuwa amemwahidi kumtambua kuwa Kabaka wa Bukedi, cheo sawa na wafalme wengine. Wenzake waliobaki Mengo walikuwa wakigawana ardhi kwa maili za mraba chini ya Mkataba wa Buganda wa 1900. Yeye alikuwa mbali, akingoja ufalme wake.

Ufalme haukuja. Walalamikaji dhidi yake walikuwa wengi, na serikali ikaona kwamba jemadari iliyemtumia kuteka nchi amekuwa mkubwa kupita kiasi. Aliondolewa Budaka, akapewa maili 20 hivi za mraba katika eneo la Mbale, mahali palipokuwa na watu wachache.

Mtu mwingine angekaa akalia. Kakungulu alijenga. Wafuasi wake walilima barabara, wakapanda migomba na miti, na soko likakua. Wafanyabiashara wa kutoka pwani na Wahindi walifuata. Katika miaka michache Mbale ilikuwa mji wa biashara unaosifiwa na wageni. Serikali ilipoona umekuwa mji, ikautaka. Mwaka 1906 ikamhamishia Busoga awe kiongozi wa baraza la machifu huko.

Amri za malale

Hapa ndipo simulizi linapoanza kufanana na yetu. Kakungulu alifika Busoga wakati ugonjwa wa malale ukiteketeza watu. Tangu mwanzo wa karne hiyo, malale iliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria katika Uganda, na nchi ya Wasamia hapa kwetu haikusalimika. Vijiji vizima vilibaki magofu.

Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondolewe kandokando ya ziwa, mbali na mbung'o. Uvuvi ukapigwa marufuku katika maeneo hayo. Waliokuwa wakiishi kwa samaki walihamishwa kwa amri, wakaacha makaburi na mashamba. Mwaka 1908 Busoga ikapigwa na njaa juu ya ugonjwa.

Hatua ile ilisaidia kupunguza maambukizi. Lakini waliohamishwa walilipa gharama ambayo hakuna aliyewafidia. Na dawa nazo zilikuwa na mashaka ya kweli. Atoxyl, dawa ambayo Mjerumani Robert Koch aliitumia kuwatibu wagonjwa katika Visiwa vya Sese, iliwapofusha baadhi yao. Kwa hiyo Mwafrika wa wakati huo aliyeogopa sindano hakuwa mjinga. Alikuwa ameona.

Naliandika hili kwa makusudi, maana tumezoea kuwacheka wanaoogopa. Hofu nyingi zina kaburi mahali fulani. Ukitaka kumshawishi mtu, uliza kwanza kaburi hilo liko wapi.

Dini isiyotaka dawa

Mwaka 1913 Kakungulu alirudi Mbale. Alikuwa ametumika karibu miaka ishirini na tano, na ndoto ya ufalme ilikuwa imekufa. Wakati huohuo, huko Buganda dini mpya ilikuwa ikichipuka. Mwalimu mmoja, Malaki Musajjakawa, alikuwa amegombana na Kanisa la Anglikana kuhusu ubatizo. Aliungana na Joswa Kate, chifu mkubwa aliyeshika cheo cha kale cha Mugema. Mwaka 1914 kundi lao lilijitenga. Walijiita watu wa Mungu Mmoja Mweza Yote, lakini wengi waliwaita Wamalaki.

Walibatiza watu bila kuwasumbua kwa masomo marefu, na hawakuwafukuza wenye wake wengi. Zaidi ya yote, walifundisha kwamba anayemwamini Mungu hapaswi kutumia dawa yoyote, iwe ya mganga wa kienyeji au ya daktari Mzungu. Chanjo nayo ilikuwa haramu. Makumi ya maelfu walijiunga.

Kakungulu alijiunga pia. Serikali ilipotaka kuchanja ng'ombe, akagoma, na hapo akagongana nayo waziwazi. Kwa mtu wa cheo chake, huo ulikuwa uasi.

Je, aliongozwa na imani peke yake? Wapo waliochunguza maisha yake wakaona kwamba chini ya imani palikuwa na jeraha. Aliona serikali imempunguzia ardhi, watu na heshima. Kukataa sindano kulikuwa mlango pekee uliobaki ambao angeweza kuufunga mbele ya uso wa serikali hiyo. Simnyang'anyi imani yake, maana alikuja kuonyesha kwamba aliichukua kwa uzito. Lakini niliposoma sehemu hiyo nilikiona kile cheti changu cha bandia. Mimi pia nilikuwa nimefunga mlango, tofauti ni kwamba yeye aliufunga mchana na mimi niliufunga usiku.

Wamalaki waliendelea kupambana na serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mzozo kuhusu hatua za kuzuia tauni na chanjo yake uliwafikisha pabaya. Malaki na Joswa Kate walipelekwa uhamishoni kaskazini mwa Uganda. Malaki alifia huko. Serikali ilishinda kwa nguvu, lakini sijaona popote kwamba iliwashawishi.

Kutoka Mmalaki hadi Myahudi

Kakungulu hakuufikia mwisho huo akiwa nao. Alikuwa msomaji wa Biblia asiyechoka, na kadiri alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyoona kwamba sheria zake zinapaswa kufuatwa. Mwaka 1919, akiwa mtu wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa pamoja na wanawe. Wamalaki walimwambia kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Alijitenga na wafuasi wake katika eneo la Gangama, chini ya Elgon. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kwa Kiganda chenye sheria na sala za jamii yake. Myahudi mmoja kutoka ng'ambo, aliyejulikana kwa jina la Yosefu, alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda na sikukuu. Jamii hiyo ndiyo Abayudaya, ambao hadi leo wapo Mbale na viunga vyake. Walivumilia marufuku ya Idi Amin katika miaka ya 1970, wakapungua sana, kisha wakainuka tena.

Kakungulu alipofariki mwaka 1928 hakuwa mfalme. Mji aliouanzisha ulikuwa mikononi mwa wengine. Alichobakiwa nacho ni imani, na watu walioishika.

Ninachopenda kuwaambia wenzangu sokoni ni kilichotokea baadaye. Mwaka 2010 jamii hiyohiyo ya Abayudaya ilifungua kituo cha afya Mbale, kinachohudumia Wayahudi, Wakristo na Waislamu bila ubaguzi. Warithi wa mtu aliyeukataa uganga wa kila aina wamejenga mahali pa kutibia majirani. Hawakumkana mzee wao. Waliibakiza imani yake, wakaacha kinyongo chake.

Ng'ombe na mpishi

Nao ugomvi wa ng'ombe uliishaje? Sotoka ndiyo iliyowatisha wafugaji wa Afrika Mashariki kuliko maradhi yote ya mifugo. Chanjo bora dhidi yake ilitengenezwa hapa Kenya, katika maabara ya Muguga, na kikundi cha Walter Plowright karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ng'ombe walio kwenye soko la mifugo leo hawaijui.

Ndui nayo ilikwisha. Mgonjwa wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Alifanya kazi hospitalini lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio. Hakuona haya kusema kwamba aliogopa. Ndiyo maana walimsikiliza.

Tulipo sasa

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya corona. Hapa mpakani tulikuwa tumeshasahau. Tulichokumbuka ni ile foleni ya malori ya Januari 2022, wakati madereva walipogomea ada ya kupimwa kuingia Uganda, na petroli ikapanda bei hadi bodaboda wakaegesha.

Lakini magonjwa hayakusaini tangazo hilo. Mwaka 2024 ilikuja homa ya nyani, mpox. Januari 2025 Uganda ilitangaza Ebola, na ikabainika kwamba mgonjwa wa kwanza kutambuliwa, mhudumu wa afya wa Kampala, alikuwa ametafuta matibabu hadi Mbale, mji ule wa Kakungulu. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha Aprili. Kwa miezi hiyo, msafiri wa Tororo aliyekohoa ndani ya gari alitazamwa na abiria wote.

Siku moja wakati huo niliketi kando ya dada mmoja aliyekuwa na mafua. Alitoa barakoa mkobani, akaivaa bila kuambiwa, akageuzia uso dirishani. Hakuna aliyemcheka. Kondakta alifungua dirisha, basi. Nilifikiri kwamba hiyo ndiyo adabu tuliyopaswa kubaki nayo baada ya amri kuondoka: anayeumwa afunike mdomo, anayevaa asiulizwe sababu, asiyevaa asitukanwe. Soko linaishi kwa kuaminiana. Huwezi kumdanganya jirani kuhusu ratili leo ukataka akulindie gunia kesho, na afya haina tofauti.

Kuhusu sindano, sitawaambia wasomaji kwamba serikali zetu hazikukosea. Zilikosea, na waliopoteza mali hawajalipwa. Uganda ina Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017, inayomwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto kuchanjwa. Sheria inaweza kumfikisha mzazi kituoni. Haiwezi kumfanya aamini. Kakungulu angetuambia hivyo.

Lakini surua haijui kwamba duka langu lilifungwa. Deni langu ni kwa wale walioninyima haki yangu, wala si kwa mjukuu wangu, na nikimtumia yeye kulipiza, nitakuwa nimemlipisha asiyedaiwa.

Mjukuu huyo nilimpeleka mwenyewe. Nesi aliniuliza kama na mimi nilichanjwa wakati wa corona. Nilikuwa na kile cheti nyumbani, ndani ya sanduku, chenye jina langu na tarehe ya uongo. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye kadi ya mtoto, akaniambia tarehe ya kurudi.

Mama wa mchele bado yuko kando yangu. Siku za baridi huvaa barakoa yake. Mteja mgeni akianza kumtania, ni mimi ninayejibu.